Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: udongo wetu unaondoka na sie tupo

Asalaam alaykum wanachama wenzangu wa umoja wetu. Taarifa hii nilikuwa niisome kwenye mkutano mkuu lakini mvua ilitutawanya, kwa hivo naiweka hapa kwenye grupu kila mtu aisome kwa nafasi yake. Mambo ya pesa ataleta mshika fedha mwenyewe, mimi siyagusi, ada zinakuja polepole kama kawaida yetu na wanaodaiwa wanajijua.

Mwaka huu kazi yetu kubwa ilikuwa udongo. Najua wapo waliosema mwenyekiti kaishiwa na ajenda, udongo si upo tu, umeukuta na utauacha. Haya, masika yalipokaza nani hakuuona mto ulivokuwa mwekundu kama chai? Wekundu ule ni makonde yetu, maana Pemba yetu hii upande wa magharibi ni kilima na bonde kilima na bonde, mvua ikipiga pahala palipofyekwa pakabaki patupu inakwenda na lile tabaka la juu ndo lenye rutba, inazika mpunga wa watu bondeni na unaobaki unaishia mikokoni. FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanasema sentimita 2 au 3 za udongo zaweza kuchukua mpaka miaka 1,000 kujitengeneza. Sie tunazipoteza kwa msimu.

Waliokuja kikao cha vuli wanakumbuka zile gilasi mbili za maji. Moja tulitia bonge kavu la chini ya mikarafuu pasipofagiwa majani, ya pili bonge la konde linalotiwa moto kila mwaka. La mikarafuuni likakaa vile vile na maji yake meupe, jengine hata dakika halikumaliza limeshamumunyuka, gilasi tope tupu. Majani yakioza yanalisha nyungunyungu na kuvu na vijidudu visoonekana, na hao ndo wanaotoa ule utandu unaogandisha chembe za udongo, sasa ukichoma umewanyima chakula. Mzee mmoja akaniuliza mbona mwaka wa kwanza baada ya moto mahindi yanakuja vizuri? Kweli yanakuja, jivu lina potasiamu na chokaa, lakini naitrojeni, chakula kikubwa cha mmea, imeshapaa na moshi, na jivu lenyewe mvua mbili tatu zishalikosha.

Kwenye vilima tumepanda majani ya vetiva, yenye mizizi ya kwenda chini sana, na mchaichai kwa mistari inayokingama na mteremko, maji yakishuka yanapunguza kasi na udongo unabakia nyuma ya majani. Vetiva imeshika. Mchaichai ulio karibu na njia umechumwa wote wa chai, tafadhalini jamani. Makumbi kwenye mashimo ya migomba nayo yamesaidia, yanashika maji wakati wa jua.

Sasa lile zito. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wazee wetu waligaiwa eka tatu tatu, leo zishakatwa kwa watoto na wajukuu, huyu kajenga, huyu kauza kiwanja, na karibuni zimeanza kuingia gari kuchukua udongo wa kujazia misingi. Mashimo yaloachwa na wachimba mchanga kule Unguja kila mtu anayajua, sijui twasubiri yapi yetu. Tukizika tunatia konzi tatu za udongo kaburini, tunasoma minha khalaqnakum, kutokana na ardhi hii tumekuumbeni na humo tutakurudisheni, kisha mtu akitoka hapo anasimama njiani kupatana bei ya gari la udongo.

Kamati inapendekeza mwanachama asiuze udongo wa kondeni. Wanaopinga wanasema konde ni langu na mtoto anataka ada ya skuli, na siwadharau, shida zao nazijua. Lakini ukichimba juu, ukingo unamporomokea wa chini ambae hakula hata senti, na shimo likijaa maji linatuletea mbu sote. Ndo maana mimi nipo na kamati, ingawa ningependa na umoja ufikirie mkopo mdogo kwa mwenye dharura, tusikataze tu mikono mitupu.

Kura tutapiga mkutano ukirejewa, Jumapili asubuhi pale pale skuli. Kura ya simu hatupokei, mara iliopita ilituletea ugomvi. Aliesafiri ampe ujumbe wake mtu wa nyumbani aje ausome.