Risala ya Klabu ya Upepo na Mashairi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi, asalaam aleikum, na karibuni sana Pangani.

Klabu yetu ilianza mwaka 2021 ikiwa na wanafunzi 9 na vishada vya karatasi. Leo wako 34, na tunathubutu kusema kwamba hakuna shule katika kata hii ambayo watoto wake wanaujua upepo kama wetu. Wanaeleza namna kaskazi inavyovuma kuanzia Desemba hadi Machi, kisha bara la Asia likipata joto na hewa yake ikapaa, kusi hushika zamu. Kwa nini umande huvuma alfajiri kutoka nchi kavu, ambayo usiku hupoa upesi kuliko bahari. Na namna harmattan inavyobeba vumbi la Sahara hadi Afrika Magharibi. Kila upepo waliojifunza wameutungia shairi. Mtoto wa darasa la tano, ambaye baba yake ni mvuvi, aliandika:

Kusi lavuma kwa kasi, ngalawa zimetulia,
Baba ana wasiwasi, nyavu zamuangalia.

Mheshimiwa, kilio chetu ni kimoja: kipima upepo. Kwa sasa tunatumia vikombe vinne vya plastiki vilivyofungwa kwenye spoku za baiskeli, mtoto mmoja akihesabu mizunguko na mwingine akishika saa, na kusi likichachamaa vikombe huchomoka. Hapo hurudi kwenye kipimo cha Beaufort cha mwaka 1805, chenye ngazi 0 hadi 12, wakatazama miti na mawimbi. Ni kipimo kizuri, lakini mtoto anayeona matawi makubwa yakitikisika akaandika "ngazi ya 6" anastahili kujua kama macho yake yamesema kweli.

Kwa heshima kubwa tunakumbusha kwamba mgeni rasmi wa mwaka juzi, akiwa katika uwanja huu huu, alituahidi kipima upepo pamoja na mlingoti wa mita 10, urefu unaotumiwa na vituo vya hali ya hewa duniani, akasema vitafika kabla ya kusi kuanza. Wiki ile ile wazazi walichanga saruji wakajenga msingi. Ukigeuka kushoto utauona: boliti zake nne zimeshika kutu kwa chumvi ya bahari, na kusi limekuja na kuondoka mara mbili. Mwaka jana tuliahidiwa tena, tukapiga makofi tena. Barua zetu tatu hazijajibiwa. Tunajua kwamba si wewe uliyeahidi, Mheshimiwa, ila watoto wanatuuliza kila wanapopita pale, nasi tumeishiwa majibu.

Kwa hiyo tunakuomba, kabla hujaondoka leo, ututajie tarehe ya kuvipokea vifaa hivyo. Boliti tutazibadilisha wenyewe, fundi tunaye, na mlingoti tutausimamisha kwa mikono yetu.

Tunaomba kuwasilisha.