"Si ni boliti sita tu?" Mbona kufunga parti mpya kwa ndege yako kunagharimu hivyo

Kuna lalamiko halituishii sisi mafundi wa ndege hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, na juzi mteja mmoja ametoka kwa hanga akisema wazi kwamba tumemnyonga bei. Ndege yake aliijenga mwenyewe, propela ya kaboni ya bledi tatu akajiagizia Marekani, akailipia ushuru JKIA, sasa anauliza mbona kuifunga tu kunakula pesa hivyo na si ni boliti sita tu. Wacha tueleze kwa sababu si yeye peke yake anafikiria hivyo.

Kufunga boliti kwenyewe hakuna kazi. Kazi iko kwa pembe, yaani vile kila bledi imeinama. Hizi propela unarekebisha ndege ikiwa chini, kila bledi inapimwa peke yake, na moja ikikosana kidogo na zingine mtetemo unausikia mpaka kwa kiti. Yeye alikuja na namba ya pembe amepewa na rafiki yake mwenye ndege Malindi, akataka tuiweke vile vile. Ndege ni tofauti, na tena Malindi iko usawa wa bahari, Wilson iko futi 5,500 na kitu, mchana joto likifika digrii 25 hewa inakuwa nyepesi kama uko futi 8,000. Injini yake ni Rotax 912 ULS, kwa karatasi ni nguvu farasi 100 lakini huku juu huwezi kuzipata zote. Tuliiwasha na hio namba ya Malindi, tukaifungulia mafuta yote, ikakwama chini ya mizunguko 5,000 kwa dakika. Beba abiria na tanki limejaa, uende nayo kiwanja kidogo cha Orly saa nane mchana, ranwei inaisha kabla hujainuka. Ukipunguza pembe sana nayo injini inapita 5,800, na Rotax wenyewe wanasema hata hio 5,800 ni ya dakika 5 pekee, baada ya hapo mwisho ni 5,500. Kwa hivyo unawasha, unasoma, unazima, unapima bledi zote upya, unawasha tena, halafu inajaribiwa hewani. Hio ndio unalipia.

Lakini kile kinatuumiza zaidi ni boliti za gari za Kirinyaga Road. Kuna mteja aliweka pedali mpya za kuagiza, boliti zilizokuja nazo hazikutosha, akaona badala ya kungoja zingine atumie za gari. Zimeandikwa 10.9 kwa kichwa, akatuambia ni ngumu kuliko AN zenu, yaani boliti za kiwango cha ndege. Na hapo ako sawa kabisa, AN inavumilia kuvutwa mpaka psi 125,000, hio yake inafika kama 150,000. Shida si ugumu. Boliti ya ndege ina sehemu ndefu laini isiyo na nyuzi, na unachagua urefu wake kulingana na unene wa chuma unachoshika, ndio nyuzi zisikae ndani ya shimo. Zile zake nyuzi zilianzia karibu na kichwa, zikawa zinasaga aluminiamu kama tupa kila ndege ikitetemeka. Tena AN3, saizi ya mashimo hayo, ni inchi 3/16, hata milimita 5 haifiki, na yeye alinunua za milimita 5, zikakataa kuingia, fundi wake akapitisha drili. Tulipofungua shimo lilikuwa limepanuka na umbali uliobaki mpaka ukingoni haukutosha kuweka AN4, saizi inayofuata, kwa hivyo hakukuwa na njia ila kutengeneza mabano mapya ya kushika pedali, ndege ikae chini, yeye alipe. Boliti halali zingemgharimu pesa kidogo sana.

Na kupima uzito, jamani. Watu wanadhani ni kazi tunajiongezea. Umetoa betri ya risasi ya kilo 7 iliyokuwa mbele kando ya injini, umeweka ya lithiamu isiyofika kilo 2 na nusu, unafurahi ndege imekuwa nyepesi. Lakini uzito umetoka puani, maana yake kitovu cha uzito kimerudi nyuma, na ukipakia abiria na mizigo nyuma ya viti kinaweza kupita kiwango kinachoruhusiwa bila wewe kujua. Ndege ya mkia mzito ikizama kwa stoli, yaani mabawa yakishindwa kuibeba, kuitoa ni shida. Ndio maana tunaisawazisha, tunaweka mizani chini ya magurudumu yote matatu, tunaandika namba mpya kwa logi buku na fundi anasaini kwa jina lake. Hatutasaini namba za betri ya zamani, hata ukitubembeleza vipi.

Hosi za mpira za Rotax zinabadilishwa kila miaka 5, hata kama kwa macho zinaonekana mpya. Hapo hatuna mjadala. Tumeshatoa vipande vya mpira ndani ya kabureta za watu waliongoja.

Sasa ombi letu ni moja, ukiona parti kwa mtandao tutumie namba yake KABLA hujailipia, pamoja na aina ya ndege, injini na karatasi ya mwisho ya uzito. Tutakuambia kama inaingia, nini kingine kitabidi kibadilishwe na leba itafika ngapi. Kuangalia hivyo hatuchaji.