Barua kwa mpwa wangu aliyechoka na kesi za mashamba

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umechoka. Eti hukusomea sheria miaka yote ile ili uje ushinde kwenye mahakama ya wilaya ukisuluhisha mipaka ya mashamba na mbuzi waliokula mahindi ya jirani, wakati wenzako waliobaki mjini ndio wanaofanya mambo ya maana. Ngoja nikusimulie habari za Vallabhbhai Patel, wakili wa India aliyepigania uhuru pamoja na Gandhi. Watu siku hizi wanamjua kwa ile sanamu yake ya mita 182 huko Gujarat, magharibi mwa India, kazi yake hawaijui.

Alizaliwa Nadiad mwaka 1875, mtoto wa mkulima. Ada ya chuo haikuwepo, kwa hiyo akaazima vitabu kwa mawakili, akasoma mwenyewe, na mwaka 1900 akaanza uwakili Godhra, kisha Borsad. Vimji tu, na kesi za vijijini. Ndiko alikojifunza kumbana shahidi mpaka jasho limtoke.

Akadunduliza nauli ya kwenda Uingereza. Tiketi ikaja imeandikwa V. J. Patel, na kaka yake Vithalbhai naye ni V. J. Patel. Kaka akasema, mimi ndiye mkubwa, nitangulie. Akampisha, na gharama akambebea. Yeye mwenyewe alikuja kuondoka mwaka 1910, ana miaka 34, tayari mjane. Telegramu ya kifo cha mkewe, Jhaverba, ilimkuta kortini akimhoji shahidi. Akaisoma, akaitia mfukoni, akaendelea na maswali. Wanaomsimulia huisifu sana hiyo. Mimi hunitisha.

Alirudi mwaka 1913, akaweka ofisi Ahmedabad: suti za Kizungu, karata klabuni jioni, na kejeli kwa huyo Gandhi aliyekuja na mambo yake. Kejeli zilikwisha mwaka 1917, alipoona Gandhi amesimama na wakulima wa Champaran, kaskazini mwa India.

Mwaka uliofuata mavuno yakaharibika Kheda, wilaya ya kwao Gujarat. Sasa hapa sikiliza kama wakili. Kanuni ya serikali yenyewe, ya Waingereza, ilisema mavuno yakishuka chini ya robo ya kawaida, kodi ya ardhi isitishwe. Serikali ikadai yamezidi robo, wakulima wakakataa. Ugomvi mzima ulikuwa wa ushahidi: shambani kumetoka nini, na nani kaenda kuangalia? Patel akavua suti, akaingia vijijini. Lugha ya wale watu alikuwa nayo tangu Borsad.

Halafu Bardoli, hukohuko Gujarat, 1928. Serikali ya Bombay ilipandisha kodi ya ardhi kwa asilimia 22, wakulima wakala kiapo hawalipi. Patel akaigawa wilaya kambi kambi, taarifa zikachapwa na kusambazwa vijijini. Maofisa wakionekana wanakuja kukamata mali, ngoma inalia, milango inafungwa, na nyati wa maziwa wako ndani pamoja na wenyewe. Wanyama walikaa gizani muda mrefu hadi ngozi zikapauka, na Patel akapata la kutania mikutanoni. Mashamba yalitaifishwa, watu hawakutikisika. Jina la Sardar, yaani kiongozi, alilipata huko.

Agosti serikali ikakubali uchunguzi, ukapewa Broomfield, mtu wa mahakama, na Maxwell, mtu wa kodi. Wakagundua kwamba ofisa aliyekokotoa kile kiwango alitegemea takwimu za pango la mashamba ambazo hakuzihakiki. Asilimia 22 ikashuka hadi 6 na kidogo. Karatasi ya pango ambayo hakuna aliyekwenda shambani kuithibitisha! Wewe za namna hiyo unazishika kila wiki, unazisukuma pembeni kwa sababu mwenye shamba hana hela.

Ya baada ya uhuru utayasoma mwenyewe: naibu waziri mkuu, waziri wa mambo ya ndani, na zile tawala za wafalme zaidi ya 500 alizoziingiza India akiwa na ofisa wake V. P. Menon. Ila la Hyderabad, mojawapo ya tawala hizo, Septemba 1948, jeshi lilipoingia na Waislamu wengi wakauawa baada ya hapo, mimi simpi alama. Najua baba yako atamtetea. Ukija likizo tumweke kati, tubishane naye.

Mjomba wako