Wapiga picha wa harusi, tunzeni faili ghafi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wapiga picha za harusi, pamoja na familia zinazowalipa. Ramadhani ikikaribia, harusi hubanana: Ijumaa nikahi, Jumamosi ukumbini, Jumapili kwingine. Hapo ndipo picha za watu hupotea, na mara nyingi kamera haina kosa. Hupotea njiani kati ya kadi ya kumbukumbu ya kamera na kompyuta, usiku ule mpiga picha akiwa amechoka.

Wengi siku hizi hupiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Ni uamuzi mzuri. JPEG, yaani picha ambayo kamera imekwisha kuichakata na kuibana, hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi, wakati faili ghafi ya biti 14 hubeba 16,384, ndiyo maana uso uliozama kivulini chini ya mtandio huweza kuangazwa bila kuchakaa. Ila faili hizo ni nzito. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili za megabaiti 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo picha 2,000 za harusi moja hufika gigabaiti 50 au 60. Mahali pa kuziweka papangwe kabla ya kuchukua malipo ya awali.

Mkiwa na kamera mbili, linganisheni saa zake kabla ya sherehe. Zikipishana dakika kumi tu, programu ikipanga picha kwa wakati, keki itakatwa kabla ya maharusi kuingia ukumbini. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iwekwe iandike kila picha kwenye kadi zote mbili, isisubiri ya kwanza ijae.

Sherehe ikiisha, nakili faili, usizihamishe. Ukihamisha, kadi hufutika huku diski ikijaa, na umeme ukikatika katikati huna pa kurudia. Diski nyingi za nje zimepangwa kwa mfumo wa exFAT ili zisomeke kwenye Windows na Mac. Mfumo huo hauweki kumbukumbu ya kazi iliyokatizwa, kwa hiyo ukichomoa waya bila kuitoa diski kwa utaratibu unaweza kuharibu orodha nzima ya faili. Weka nakala mbili kwenye diski mbili. Folda mbili ndani ya diski moja ni nakala moja tu, kwani diski ikifa zote zimekwenda.

Kisha hakiki. Linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti, halafu fungua picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho kwa ukubwa kamili ndani ya programu ya kuchakata. Usiridhike na kijipicha kinachoonekana kwenye folda, maana hicho ni JPEG ndogo iliyopachikwa ndani ya faili ghafi, nacho huweza kuonekana safi wakati data ya picha yenyewe imeharibika. Ukishahakiki, ndipo kadi ifutwe, tena ndani ya kamera. Kadi ikigoma kusomeka, itoe na usipige tena hata picha moja juu yake. Programu ya bure ya PhotoRec mara nyingi huokoa faili, mradi faili nyingine hazijaandikwa juu yake, na zilizookolewa ziwekwe kwenye diski nyingine.

Majina nayo yana hatari yake. Kamera nyingi zikifika namba 9999 huanza upya, ukajikuta na faili mbili zenye jina DSC_0412, moja ikifuta nyingine. Badilisha majina wakati wa kunakili: tarehe, tukio, kamera, namba.

Katika uhariri, wengi hudhani katalogi ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, ina picha ndani yake. Haina. Ina maelezo ya marekebisho na mahali faili zilipo, kwa hiyo ukihamisha folda nje ya programu, itakwambia picha hazipo. Nakili katalogi pia, au iamuru programu iandike faili ya XMP, yaani faili ndogo ya maelezo ya marekebisho, kando ya kila picha. darktable, programu nyingine ya uhariri ambayo ni ya bure, hufanya hivyo yenyewe.

Chuja kwanza, kisha gawa picha kwa mwanga: nyumbani, msikitini au kanisani, ukumbini. Rekebisha moja katika kila kundi, uanze na uwiano wa weupe, ili kilicho cheupe kionekane cheupe, ndipo mwangaza, halafu nakili marekebisho kwa zilizobaki. Mipangilio ya uhariri iliyotengenezwa tayari kwa ngozi za watu wengine huifanya ngozi yetu kuwa ya kijivu au ya chungwa, na bibi harusi hakulipia sura ya mtu mwingine. Faili ghafi nayo ina mipaka. Nakshi za shela zikishaungua kwa mwanga hazirudi, na chini ya taa za LED za bluu au zambarau rangi ya ngozi haikunaswa kabisa. Hapo dawa ni flashi wakati wa kupiga, au kuifanya picha nyeusi na nyeupe.

Picha za kutazamwa kwenye simu zitolewe kwa mfumo wa rangi wa sRGB, upande mrefu pikseli 2,048. Za kuchapwa sentimita 20 kwa 30 zinahitaji takriban pikseli 2,400 kwa 3,600. Kwenye WhatsApp zitumwe kama hati, zisibanwe.

Na familia, kabla ya kulipa, ulizeni faili ghafi zitakaa kwenye diski ngapi na kwa muda gani. Jibu liandikwe kwenye risiti, pamoja na tarehe ambayo mpiga picha ataruhusiwa kuzifuta.

Mpiga picha,
Tanga