Mtambo pepe ujaribiwe kwa kuwashwa upya

Mhariri,

Mimi ni fundi wa seva. Mtambo pepe, yaani kompyuta iliyoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, ukiwaka vizuri mara ya kwanza kisha ukagoma kuwaka upya, mafundi wengi hukimbilia kuulaumu mfumo endeshi. Inaniuma, kwa sababu mara nyingine kosa liko kwenye programu ya kuwashia, ile inayotangulia kabla ya mfumo endeshi. SeaBIOS, kwa mfano, ambayo ni programu mojawapo ya aina hiyo, hufanya kazi ndani ya RAM (kumbukumbu inayoandikika), kwenye eneo la anwani 0xF0000, na hubadilisha data zake humohumo. Mtambo ukianza upya na mabaki hayo, unaweza kukwama. Dawa ni kurudisha kwanza nakala safi ya programu hiyo kutoka ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) iliyo chini tu ya mpaka wa GB 4 wa anwani za kumbukumbu, ndipo uanze upya. Mafundi wenzangu, jaribuni kuuwasha upya mtambo kabla ya kukabidhi kazi.

Fundi wa seva