Malalamiko kuhusu koili ya mashini ya dhahabu mliyotuuzia tarehe 3 Septemba

Bukavu, tarehe 17 Septemba 2024

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa heshima, na heshima hiyo nitajitahidi kuishika hadi mwisho wa barua hii.

Jumamosi tarehe 14 nilifika dukani kwenu na koili, ile sahani ya mashini ya kutafutia dhahabu inayopitishwa juu ya udongo, nimeifunga ndani ya kitenge, karatasi ya malipo mkononi. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu tununue. Siku zenu za kurudisha mali mnazijua wenyewe. Nilimwambia kijana wa kaunta kwamba hii siyo koili tuliyoagiza. Karatasi hakuigusa. Alinijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: «Mama, hii siyo mchi wa kutwanga sombe. Kama mashini imewashinda, mrudie mawe yenu.» Kana kwamba nimemletea mchi wa majani ya muhogo. Duka lilikuwa limejaa. Watu walicheka.

Tuliagiza koili ya D mbili, ambayo waya wake umekunjwa kama herufi D mbili zinazopandana, yenye umbo la yai, inchi 6 kwa 10. Imeandikwa hivyo kwenye karatasi, kwa mwandiko wa kijana huyohuyo. Tulichopewa ni koili ya inchi 12, ile ya duara ndani ya duara. Katoni ilikuwa imefungwa kwa utepe, tukaambiwa tusiifungue njiani kwa sababu ya vumbi. Nilipopiga simu kutoka Kamituga kuuliza, jibu likawa: «Hiyo ni kubwa, inaingia chini zaidi, mmepata faida.»

Faida gani? Koili kubwa inafika chini zaidi kama kitu chenyewe ni kikubwa. Anayetafuta pipa la chuma lililofukiwa aichukue, itamfaa. Sisi tunatafuta punje ya gramu moja, mara nyingi nusu gramu, na koili pana inaipita juu kama haipo, kwa sababu nguvu yake imetawanyika. Tena udongo wa kwetu ni mwekundu, wenyewe umejaa chuma. Koili ya duara ndani ya duara inausikia udongo huo kwa upana wake wote. Mashini inalia bila kukoma, unalazimika kupunguza nguvu, na ukiisha kupunguza nguvu, kina chote mnachojivunia kimekwisha. Koili ya D mbili inasikia pale tu ambapo zile D mbili zinapandana, katika ukanda mwembamba unaoshuka chini kama bapa la panga. Udongo inaoushika ni mchache, kwa hiyo inatulia. Haya ninayajua kwa mikono yangu, Bwana Mkurugenzi. Miaka miwili nimeishika mashini hii.

Na misumari. Tunafanya kazi kandokando ya mgodi wa Mobale, mahali palipochimbwa na kampuni tangu zamani za Wabelgiji hadi kampuni ya migodi ya SOMINKI ilipokufa. Waliondoka, vyuma vikabaki ardhini: misumari, bolti, vipande vya waya, kila hatua. Hapo kina peke yake hakikusaidii kitu. Unataka koili inayoweza kukwambia huu ni msumari, na hii iliyo ubavuni mwake ni dhahabu. Ndiyo sababu tuliagiza D mbili, tena nyembamba. Hatukuagiza kwa kubahatisha.

Tuliipima. Tulifukia punje ya gramu moja, sentimita 8 chini, na msumari kando yake, umbali wa sentimita 10. Koili yetu ya zamani, ambayo imepasuka ubavuni na ndiyo maana tulikuja kwenu, ilitoa sauti mbili, ya chuma kisha ya dhahabu. Yenu ilitoa moja, ya chuma. Tuliizungusha pande zote, mara sita. Moja tu. Tukaondoa msumari, ikaisikia punje kwa taabu. Tukashusha punje hadi sentimita 12: ile iliyopasuka bado iliita, yenu kimya. Siku nne za kazi ziliishia hapo, akina mama tisa wamekaa wakitazama shimo.

Nirudi kwenye Jumamosi, maana sijamaliza. Kijana wenu alijua anamtukana nani. Siku ya kununua nilimweleza mwenyewe kwamba sisi ni akina mama tuliokuwa tukitwanga mawe Kamituga, kwamba zile dola 190 zilitoka kwenye likilimba, mchango wetu wa zamu, kila mmoja akiweka zamu yake kando ili tuipate koili hii. Aliyasikia yote hayo kwa tabasamu, akahesabu pesa. Siku kumi na moja baadaye akayatumia kunipiga nayo. Alinyakua koili kutoka kitengeni, akaiinua juu kama mchi, akafanya mara mbili hivi, kutwanga, kutwanga, ndipo akasema: «Hii siyo mchi wa kutwanga sombe.» Na kati ya waliocheka alikuwepo negosya ninayemuuzia dhahabu yetu. Jana ameniita Mama Sombe mbele ya watu, wakati wa kupima. Mimi ni mama wa watoto watano, na kijana yule ni wa umri wa mwanangu wa kwanza. Msimamizi wenu alikuwa amekaa nyuma yake na simu. Hakuinua kichwa.

Nilikuja Jumamosi kuomba mnibadilishie koili tu. Leo hilo halitoshi. Ninataka dola 190 zote zirudi, pamoja na nauli ya kwenda Kamituga na kurudi, ambayo mlitufanya tuilipe bure. Koili ya D mbili tutainunua kwingine. Na siku nne za kazi ya watu tisa, hizo nazo mzihesabu, nanyi ni wafanyabiashara, mnajua kuhesabu. Zaidi ya yote, kijana yule na msimamizi wake waje Kadutu tunapokutania, waombe msamaha mbele ya akina mama wote tisa, kwa sauti ileile aliyotumia dukani.

Ninawapa hadi Ijumaa tarehe 20, saa sita za mchana. Baada ya hapo karatasi yenu, koili yenu na mashahidi wangu wawili vitakwenda mahakama ya biashara. Barua hii nitaisoma kwenye kila kikundi cha akina mama kuanzia hapa hadi Mwenga na Kamituga, na jina la duka lenu nitalitaja mwanzo na mwisho. Koili ninayo nyumbani. Sitaileta tena. Mtaifuata.

Mwenyekiti wa kikundi,
Kadutu, Bukavu