YAH: MALALAMIKO KUHUSU MABEHEWA SITA YA MIZIGO YASIYOLINGANA NA ODA

Shangani,
Mtwara.
12 Mei 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tarehe 18 Machi tulipokea kutoka kwenu mabehewa sita ya mizigo kwa ajili ya reli ya bustani, yaani mfano mdogo wa treni unaotembea nje, ya upana wa milimita 45: manne ya boksi (yaliyofunikwa) na mawili ya wazi. Oda yetu ilitaja mambo manne: skeli ya 1:22.5 (yaani mfano ni mdogo mara 22.5 kuliko kitu halisi), magurudumu ya chuma, viunganishi vya ndoano na kitanzi vilivyofungwa kwenye bogi (fremu ya magurudumu inayogeuka chini ya behewa), na uwezo wa kupita kona yenye nusukipenyo cha milimita 600. Hakuna behewa hata moja lililotimiza yote manne. Tulipopiga simu, tulijibiwa kwamba "G ni G, yote yanapita reli moja." Jibu hilo ndilo linalotufanya tuandike kwa kirefu, maana humo ndimo kosa lilimoanzia.

Herufi G, inayoandikwa kwenye bidhaa za reli za bustani, inamwambia mnunuzi upana wa reli tu. Haimwambii skeli. Reli hiyohiyo ya milimita 45 hubeba mabehewa ya 1:32, 1:29, 1:22.5 na 1:20.3, na kila moja lina maana yake. Ili kujua reli halisi inayoigwa, zidisha 45 kwa 32 upate milimita 1,440, ambayo ni karibu kabisa na reli ya 1,435, yaani SGR. Zidisha kwa 22.5 upate takriban mita moja. Zidisha kwa 20.3 upate futi tatu za Kiingereza. Ukizidisha kwa 29, unapata milimita 1,305, ambayo si reli ya mita moja wala si ya 1,435. Skeli ya 1:29 imeenea kwenye mabehewa ya mtindo wa Marekani, na anayeijenga Marekani bustanini mwake ana haki ya kuipenda. Sisi hatukuiomba.

Tuliomba 1:22.5 kwa sababu treni yetu inafuata reli ya Kusini, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, ikaunganisha bandari ya Mtwara na Nachingwea, kisha ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa reli ya mita moja. Kwa mtu wa Mtwara au Lindi, hilo si jambo la kupuuza: leo hakuna treni huku, na kilichobaki cha kumwonyesha mtoto ni mfano. Mfano ukikosea vipimo, unamfundisha uongo.

Mabehewa yote manne ya boksi ni ya 1:29. Maboksi ya kufungashia hayakuandikwa skeli popote, lakini vipimo vinajieleza. Kila moja lina urefu wa milimita 420, ambao ndio urefu wa behewa la Marekani la futi 40 likigawanywa kwa 29. Kama mnataka uthibitisho wa haraka zaidi, chukueni mwanasesere wa mpakizi. Mtu wa sentimita 170 katika 1:22.5 ana milimita 75 na nusu hivi. Katika 1:29 hafiki 59. Mlango wa behewa mlilotuma una kimo cha milimita 69. Mpakizi wetu akisimama mbele yake, kichwa chake kinapita fremu ya juu, na gunia lake la korosho haliingii asipopiga magoti. Hata asiyejua lolote kuhusu reli anaona kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Suala la viunganishi ni zito zaidi, kwa sababu linaangusha treni. Mabehewa ya boksi yamekuja na viunganishi vya taya vilivyofungwa kwenye bodi, yaani kwenye umbo la behewa lenyewe; yale mawili ya wazi yana ndoano na kitanzi kwenye bogi. Maana yake mabehewa sita ya oda moja hayashikani yenyewe kwa yenyewe. Tulibadilisha taya kwa ndoano ili tujaribu, tukaziacha palepale kwenye bodi. Kwenye kona ya milimita 600 behewa linaanguka, na sababu inapimika. Kati ya bogi na bogi kuna milimita 270, hivyo ncha ya behewa inachomoza milimita 21 nje ya mstari wa katikati ya reli. Kiunganishi kilichofungwa kwenye bodi kinachomoza pamoja nayo, na kinalisukuma pembeni behewa fupi la ekseli mbili linalofuata hadi gurudumu lake lipande juu ya reli. Mabehewa mawili marefu yakifuatana kwenye kona moja hupona, kwa kuwa yote yanachomoza upande mmoja. Mahali pa hatari ni pale kona ya kulia inapopokewa moja kwa moja na ya kushoto, kwani kwa muda mfupi tofauti inakaribia milimita 42. Kiunganishi cha kwenye bogi hugeuka na bogi na kubaki karibu na katikati ya reli. Ndiyo maana tuliandika "kwenye bogi" na kupigia mstari. Viunganishi vya bodi si vibaya kwa asili, na kwa treni ndefu kwenye kona pana ni bora kabisa, lakini kona yetu ilikuwa imetajwa.

Magurudumu nayo. Mabehewa manne ya boksi yana ekseli 16. Tulizipima zote kwa kalipa, kutoka mgongo wa gurudumu hadi mgongo wa mwenzake. Tulitarajia milimita 40 hivi. Saba zilikuwa kati ya 38.5 na 38.9. Kwenye reli iliyonyooka huoni tatizo. Likifika kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, migongo ya magurudumu yaliyokaribiana mno inabana vipande vya reli vinavyoongoza magurudumu hapo, reli ya ulinzi upande mmoja na reli ya bawa upande wa pili, ekseli inanyanyuka, na bogi inadondokea kwenye mataruma. Tuliirudia polepole, tukilisukuma behewa kwa kidole: unasikia mkwaruzo, kisha mlio mdogo, na gurudumu liko juu. Ekseli moja kati ya hizo 16 pia haina plastiki ya kuzuia umeme upande wowote. Treni yetu hupata umeme kupitia reli, kwa hiyo behewa hilo likiwekwa tu njiani, shoti inatokea na kila kitu kinasimama.

Mabehewa mawili ya wazi, ambayo skeli yake ni sahihi na tunayapenda, yana magurudumu ya plastiki. Plastiki huacha utando mweusi kwenye reli, na injini huanza kusitasita. Halafu ni nyepesi: uzito unaokosekana chini kabisa, kwenye ekseli, ndio ambao ungelituliza behewa kwenye kona linapovutwa katikati ya treni ndefu. Sakafu zake hazina tundu hata moja. Mvua ya Machi iliyajaza maji kina cha sentimita mbili, na kwa sakafu ya milimita 380 kwa 100 hayo ni maji ya gramu 760 ndani ya kila behewa. Matundu manne ya milimita 3 pembeni yangetosha. Skrubu za bogi zimeanza kutu. Hewa ya bahari haisamehe chuma cha kawaida, na huku tunahitaji kisichoshika kutu.

Tunaomba yafuatayo. Mabehewa manne ya boksi yachukuliwe kwa gharama yenu, mtuletee manne ya 1:22.5 yenye viunganishi kwenye bogi, au mturudishie fedha zake zote. Hatutaki punguzo la bei wala vifaa vya kubadilisha, kwa kuwa skeli haibadilishwi kwa skrubu. Yale mawili ya wazi tutabaki nayo mkituletea ekseli nane za chuma zenye kizuizi cha umeme, zilizopimwa milimita 40, pamoja na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Matundu tutatoboa wenyewe. Kabla ya kutuma, tupeni kwa maandishi urefu wa behewa, kimo cha mlango, umbali kati ya bogi, aina ya kiunganishi na mahali kilipofungwa, kona ndogo kabisa linayoipita, na kama plastiki yake imetengenezwa kuhimili jua la nje mwaka mzima.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya oda, stakabadhi na picha za vipimo. Mabehewa ya boksi yamerudishwa kwenye maboksi yake. Ekseli saba zilizobana zimefungwa utepe mwekundu, na ile ya shoti utepe wa njano.

Wenu,
Wasimamizi wa reli ya bustani,
Shangani, Mtwara.